Walijuaje atomi ina nini ndani wakati hakuna aliyeiona? (Uzi mrefu)

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye mada nyingine kuna ndugu aliandika kwamba habari za atomi ni imani kama imani nyingine yoyote, maana karibu kila kitu kuihusu kilisemwa na kuchorwa kabla hata mtu mmoja hajaiona. Alirukiwa na kutukanwa, lakini sikuona aliyemjibu. Kwangu mimi ameuliza swali zuri kuliko wengi waliomcheka. Walijuaje?

Shuleni wengi wetu tulipewa michoro mfululizo: mpira mgumu wa Dalton, duara la Thomson lenye vidoti, kiini cha Rutherford, mizingo ya Bohr, halafu wingu. Ukiitazama hivyo unaweza kudhani kila mzee aliamka na mchoro wake. Ukweli ni kwamba michoro ndiyo sehemu dhaifu kabisa ya habari hii. Nyuma ya kila mmoja kuna kipimo fulani kilichogoma kuingia kwenye mchoro uliotangulia, na hivyo vipimo ndivyo nataka tuvijadili.

Wagiriki nitawapita haraka. Leucippus na mwanafunzi wake Democritus, karne ya 5 kabla ya Kristo, walisema vitu vyote ni chembe zisizokatika zinazotembea kwenye utupu. Aristotle akakataa, na kauli yake ikashika kwa karne nyingi. India nako kulikuwa na shule ya Vaisheshika iliyofundisha chembe za namna hiyo, na wanatheolojia wa Kiislamu wa upande wa Ash'ari walijenga hoja nzito juu ya chembe zisizogawanyika ambazo Mungu huziumba upya kila nukta ya wakati. Akili kubwa zote hizo, ila hakuna aliyeweza kumwambia mpinzani wake: pima hapa, ukikuta namba nyingine mimi nimeshindwa. Kwa hiyo atomi kama sayansi mimi naianzia kwenye mizani.

Mwishoni mwa miaka ya 1700 Lavoisier wa Ufaransa alionyesha kwamba ukipima kila kinachoingia na kinachotoka katika mmenyuko, gesi zikiwemo, uzito haupotei. Mwenzake Proust akaonyesha kwamba kampaundi moja ina uwiano uleule wa elementi, itoke mgodini au itengenezwe maabara. Kisha akaja John Dalton, mwalimu wa Manchester, aliyeandika jedwali lake la kwanza la uzito wa atomi mwaka 1803 na kulichapisha kwa kirefu kitabuni mwaka 1808.

Tuangalie hoja yake kwa karibu, nikitumia vipimo vya leo maana vyake vilikuwa vya kubahatisha kidogo. Chukua gramu 12 za kaboni. Ukiziunguza kwa hewa haba unapata ile gesi ya sumu, kaboni monoksaidi, na oksijeni iliyoingia humo ni gramu 16. Ukiziunguza kwa hewa ya kutosha unapata kaboni dayoksaidi, na oksijeni iliyoingia ni gramu 32. Huwezi kutengeneza gesi ya tatu kati ya hizo yenye gramu 21 au 27 na nusu. Ni mara mbili kamili. Na gesi za nitrojeni na oksijeni nazo zina mchezo uleule.

Sasa jiulize. Kama maada ingekuwa kitu unachoweza kukikata popote upendapo, kwa nini oksijeni iruke kutoka 16 hadi 32? Kama inaingia kwa vipande, jibu linajileta: kipande kimoja, au viwili. Hakuna kipande kimoja na robo.

Hapo Dalton alikuwa amesimama imara. Alipoteleza ni kwenye kuhesabu vipande vyenyewe. Katika maji, kila gramu 1 ya hidrojeni ina gramu 8 za oksijeni. Ukisema maji ni hidrojeni moja na oksijeni moja, oksijeni ina uzito wa 8. Ukisema ni hidrojeni mbili na oksijeni moja, oksijeni ni 16. Mizani peke yake haiwezi kukuamulia. Dalton akachagua njia rahisi, moja kwa moja, na jedwali lake likavurugika.

Nitaendelea. Maswali yanaruhusiwa, matusi hapana.

#2 Mchangiaji A

Nimeweka kambi hapa. Ila mkuu, kama Dalton alishindwa hata kujua maji yana nini, kwa nini tumpe sifa zote hizo? Na nani aliyesema ni mbili kwa moja?

#3 Mleta uzi

Swali zuri mkuu. Sifa anapewa kwa sababu alikosea kwa namna inayoweza kusahihishwa. Na dawa ilipatikana mwaka uleule wa 1808, ila wenyewe hawakuitambua.

Gay-Lussac alipima gesi kwa ujazo badala ya uzito. Akakuta lita mbili za hidrojeni na lita moja ya oksijeni zinatoa lita mbili za mvuke wa maji. Dalton hakuipenda. Akasema haiwezekani, maana kama oksijeni ni kipande kimoja kisichokatika, lita moja itawezaje kugawanyika ndani ya lita mbili za mvuke?

Mwaka 1811 Mwitaliano Avogadro akasema tatizo ni dogo. Gesi ya oksijeni haitembei atomi mojamoja, inatembea mbilimbili, na kila jozi inaweza kuachana. Gesi zote katika ujazo, joto na mgandamizo ule ule zina idadi ile ile ya molekuli. Ukiweka hivyo, maji ni hidrojeni mbili kwa oksijeni moja na hesabu inafunga.

Karibu miaka 50 hakuna aliyemjali sana. Wakemia walikuwa wanatumia majedwali tofauti, na kampaundi moja inaweza kuandikwa kwa fomula nyingi kutegemea unasoma jarida la nani. Mwaka 1860 wakaitana Karlsruhe, Ujerumani, ili wamalize vurugu hiyo. Mkutano wenyewe haukuamua kitu. Ila Mwitaliano mwingine, Cannizzaro, alikuwa ametetea hoja ya Avogadro, na kijitabu chake kikagawiwa pale. Watu wakaondoka nacho, wakasoma, wakageuka. Mmoja wa waliokuwepo ni Mendeleev. Miaka tisa baadaye, akiwa sasa na uzito wa atomi unaoaminika, alipanga elementi kwenye jedwali na kuacha nafasi wazi kwa zile ambazo hazijulikani. Gali ikapatikana 1875, skandi 1879, gerimani 1886, zote karibu kabisa na sifa alizotabiri.

#4 Mchangiaji B

Mimi ndiye niliyetukanwa kule, nashukuru umekuja na hoja.

Lakini bado. Mizani inakupa uwiano, na uwiano ni hesabu. Kutoka "hesabu inatoka vizuri" hadi "kuna kitu kweli" ni kuruka. Ninaweza kuhesabu kwa vipande hata kama vipande havipo. Je, hao wanasayansi wenyewe wote waliamini?

#5 Mleta uzi

Hapana ndugu, hawakuamini wote, na waliokataa hawakuwa watu wadogo. Ernst Mach, ambaye jina lake ndilo tunalopimia kasi ya ndege za kivita, alisema karibu hayo hayo yako: atomi ni chombo cha kuhesabia, isichukuliwe kuwa kitu. Inasimuliwa kwamba mtu akimtajia atomi alimuuliza kama ameshaiona hata moja. Ostwald, mkemia mkubwa wa Ujerumani, naye alikuwa upande huo. Aliyebeba mzigo wa kuitetea ni Ludwig Boltzmann wa Austria, aliyeeleza joto kama mwendo wa chembe. Boltzmann alijiua mwaka 1906. Watu hupenda kusema alikufa kwa sababu ya kupingwa, lakini alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu na mimi sipendi kuifanya iwe tamthilia.

Kinachosikitisha ni kwamba jibu lilikuwa tayari limeandikwa mwaka mmoja kabla.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1827 Robert Brown, mtaalamu wa mimea, aliangalia kwa hadubini vipunje vilivyomo ndani ya chavua vikiwa majini. Vinatetemeka na kuzurura bila kupumzika. Kwanza akadhani ni uhai. Akajaribu vumbi la kioo, vumbi la mawe, hata kipande cha lile sanamu la Sphinx la Misri, ambalo halina uhai wowote wa kuzungumzia. Vyote vinacheza.

Mwaka 1905 Einstein akaandika: kama maji ni molekuli zinazopigana vikumbo, kipunje kidogo kitasukumwa zaidi upande huu sasa hivi, upande ule baadaye, na kitazurura kwa kiasi hiki hapa. Akatoa fomula. Umbali wa kawaida kutoka kilipoanzia hauongezeki sawa na muda, bali sawa na kipeuo cha pili cha muda. Ukisubiri mara nne, kitakuwa kimesogea mara mbili. Na ndani ya fomula kuna namba ya Avogadro, yaani idadi ya molekuli katika kiasi maalumu cha kitu, mfano gramu 18 za maji. Kwa hiyo ukipima mzururo kwa saa na rula unahesabu molekuli ambazo huzioni.

Jean Perrin wa Paris akaifanyia kazi kuanzia 1908. Alitengeneza vipunje vya utomvu vyenye ukubwa unaolingana, akavifuatilia kimoja kimoja na kuweka alama kila baada ya muda. Pia alivihesabu katika vina tofauti vya maji, maana huwa vinapungua kadiri unavyopanda, sawasawa na hewa inavyopungua mlimani. Njia hizo mbili hazina uhusiano, lakini zilitoa namba za jirani, kati ya 6 na 7 ikifuatiwa na sifuri 23. Leo tunasema 6.022. Perrin kisha akakusanya njia zaidi ya kumi, ikiwemo rangi ya bluu ya anga na mionzi ya elementi ya radiamu, zote zikaishia kwenye namba moja.

Hapa ndipo nakujibu wewe hasa. Chombo cha kuhesabia ambacho hakipo kinaweza kutoa jibu zuri kwenye kazi moja. Hakiwezi kutoa idadi ile ile ukiifuata kupitia anga, utomvu, umeme na mionzi. Ostwald alisoma akakubali hadharani mnamo 1909. Mach hakuwahi kukubali kwa moyo mweupe.

#6 Mchangiaji B

Hii ya njia nyingi kukutana kwenye namba moja nimeielewa. Sawa, chembe zipo. Twende ndani yake sasa.

#7 Mleta uzi

Ndani yake kuliingiwa hata kabla Perrin hajamaliza kazi, na hilo ni jambo la kuchekesha kidogo: watu walivunja kitu ambacho wenzao walikuwa bado wanabisha kama kipo.

Mwaka 1897 J.J. Thomson wa Cambridge alikuwa anachunguza mionzi inayotoka kwenye ncha hasi ya tyubu ya kioo iliyonyonywa hewa. Je, ni mwanga au ni chembe? Hertz alijaribu kuipinda kwa umeme, haikupinda, akasema si chembe zenye chaji. Thomson akagundua kosa ni hewa iliyobaki ndani, inapitisha umeme na kuua nguvu yenyewe. Akanyonya hewa zaidi, mionzi ikapinda. Kwa kulinganisha inavyopindwa na umeme na inavyopindwa na sumaku, alipata uwiano wa chaji kwa uzito, na ulikuwa mkubwa zaidi ya mara elfu kuliko wa hidrojeni yenye chaji. Akabadili gesi, akabadili metali. Namba haikubadilika. Yaani ndani ya kila kitu kuna kipande kilekile, chepesi kuliko atomi nyepesi kabisa. Leo tunajua elektroni ni takriban sehemu moja kati ya 1,836 ya uzito wa protoni, ile chembe chanya ya ndani ya atomi.

Atomi nzima haina chaji, kwa hiyo lazima kuwe na chaji chanya ya kusawazisha. Thomson akaisambaza sawasawa kwenye duara lote na elektroni zikiwa ndani yake. Wakati ule lilikuwa wazo la maana, lina hesabu zake. Waliomcheka baadaye walikuwa na kitu ambacho yeye hakuwa nacho.

Kitu hicho ni giza la chumba kimoja huko Manchester. Ernest Rutherford alikuwa na msaidizi wake Hans Geiger na kijana wa miaka 20, Ernest Marsden, bado mwanafunzi. Walikuwa wanapiga chembe za alfa, yaani chembe nzito zenye chaji chanya zinazorushwa na elementi zenye mionzi, kwenye utando wa dhahabu. Hakukuwa na mashine ya kuhesabu. Chembe ikigonga kioo kilichopakwa zinki salfaidi inatoa kimweko hafifu, na mtu anakihesabu kwa jicho kupitia hadubini. Kwanza unakaa gizani karibu nusu saa ili macho yazoee. Kisha unahesabu kwa dakika chache tu kabla macho hayajachoka na kuanza kukudanganya. Geiger baadaye alikuja kuwa maarufu kwa kifaa cha kuhesabu mionzi, na ukijua alianzia wapi hushangai.

Nyingi zilipita kama hakuna kitu. Mwaka 1909 Rutherford akamwambia Marsden aangalie kama kuna zinazorudi nyuma, bila kutegemea kitu. Zikaonekana. Kwenye utando wa dhahabu wenye unene wa takriban milimita 0.0004, chembe moja kati ya kama 20,000 iligeuzwa kwa wastani wa nyuzi 90. Rutherford alisema baadaye ilikuwa kama kupiga kombora la mzinga kwenye karatasi laini, kombora likarudi kukupiga wewe.

Utaniuliza, utando huo una tabaka za atomi zaidi ya elfu moja, kwa nini isiwe misukumo midogo midogo imejumlishana? Hilo ndilo jibu la upande wa Thomson. Ila misukumo midogo ya kila upande hufutana, na uwezekano wa yote kuangukia upande mmoja mpaka chembe igeuke kabisa ni mdogo mno kuliko moja kwa 20,000. Lazima igeuzwe kwa pigo moja. Na pigo moja la nguvu hiyo linataka chaji yote ikae sehemu ndogo sana, ndiyo kiini, maana ukiitawanya kwenye atomi nzima nguvu yake inakuwa haba. Mwaka 1911 Rutherford akaandika hivyo, na akatoa fomula ya ngapi zitakwenda pembe gani. Mwaka 1913 Geiger na Marsden wakairudia kwa pembe tofauti, metali tofauti na unene tofauti, vimweko vilivyohesabiwa vikifika 100,000. Fomula ikakaa.

#8 Mchangiaji C (mwalimu wa fizikia)

Uzi mzuri sana. Naongeza mawili matatu.

Kwanza, wazo la kitu kizito katikati na elektroni zikizunguka halikuanza na Rutherford. Nagaoka wa Japani aliliandika mwaka 1904 akifananisha na pete za Zohali. Tofauti ni ile ile aliyoisema mleta uzi kuhusu Wagiriki, Rutherford alikuwa na vimweko vya kuhesabu.

Pili, wanafunzi wangu hushangaa nikiwaambia kwamba makala ya 1911 haikuamua kama kiini ni chanya au hasi. Fomula yake inatumia kipeo cha pili cha chaji, kwa hiyo alama inafutika. Wala haikutikisa watu wengi ilipotoka.

Tatu, tafadhali usimsahau Moseley. Namba ya elementi kwenye jedwali ilikuwa namba ya foleni tu: wa kwanza, wa pili, wa tatu kwa uzito. Mwaka 1913 Henry Moseley akapima eksirei zinazotoka kwenye elementi moja baada ya nyingine. Kipeuo cha pili cha masafa yake kikapanda hatua sawa kwa kila elementi, mstari umenyooka. Kobalti ina uzito wa 58.93 na nikeli 58.69, kwa hiyo kwa uzito nikeli inatangulia. Kwa eksirei kobalti ni 27 na nikeli ni 28, kama kemia yao inavyotaka. Namba ile ni chaji ya kiini. Na palipobaki mapengo, 43, 61 na 75, ilijulikana kwa hakika kwamba kuna elementi hazijapatikana. Aliuawa vitani Gallipoli Agosti 1915 akiwa na miaka 27.

#9 Mchangiaji A

Asante mwalimu. Mimi nina kitu kinanikera tangu kidato cha pili. Kiini ni chanya, elektroni ni hasi, vinavutana. Kwa nini elektroni isianguke? Nikiuliza naambiwa "inazunguka kama sayari".

#10 Mleta uzi

Uko sahihi kukereka, maana jibu la sayari halitoshi na watu wa 1911 walilijua hilo. Chaji inayozunguka inatoa mawimbi, inapoteza nishati, inasogea ndani. Kwa fizikia ya wakati ule atomi ya Rutherford ingejikunja ndani ya muda mfupi kuliko sehemu ya bilioni ya sekunde. Yaani mchoro uliothibitishwa na vimweko 100,000 ulikuwa hauwezekani.

Niels Bohr, kijana kutoka Denmark aliyepitia maabara ya Rutherford mwaka 1912, hakutatua hilo kwa upole. Alitangaza tu kwamba kuna ngazi fulani za nishati ambapo elektroni haitoi mwanga, na inatoa inaposhuka kutoka ngazi moja hadi nyingine. Ungeweza kumfukuza kwa jeuri hiyo. Kilichomlinda ni namba za mwalimu wa shule ya wasichana huko Basel, Johann Balmer.

Chukueni simu zenu mpige hesabu. Hidrojeni ikiwashwa kwa umeme na mwanga wake ukatawanywa, inatoa mistari minne inayoonekana, ya urefu wa wimbi wa nanomita 656.3, 486.1, 434.0 na 410.2. Mwaka 1885 Balmer, akiwa karibu miaka 60, alikuta kwamba ukichukua 364.56, ukazidisha kwa 9 na kugawa kwa 5 unapata 656.2. Zidisha kwa 16 gawa kwa 12, 486.1. Zidisha kwa 25 gawa kwa 21, 434.0. Zidisha kwa 36 gawa kwa 32, 410.1. Juu ni 3, 4, 5 na 6 zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe, chini ni hizo hizo ukitoa 4. Hakuna aliyejua kwa nini. Namba hizo zilikaa karibu miaka 28 zikisubiri mwenyewe.

Bohr alipoweka ngazi zake, fomula ya Balmer ikatoka yenyewe, na ile 364.56 akaipata kwa kutumia chaji ya elektroni, uzito wake na namba ya Planck (inayounganisha nishati ya mwanga na masafa yake), vitu vilivyopimwa kwingine kabisa kwa kazi nyingine. Hilo huwezi kulipata kwa bahati.

Lakini ukienda kwenye heli, elektroni mbili tu, hesabu ya Bohr inakataa. Kwa hiyo mkuu A, ile mizingo ya kidato cha pili iliachwa na wataalamu miaka mia iliyopita. Mwaka 1924 de Broglie akasema elektroni nayo ina tabia ya wimbi. Mwaka 1925 na 1926 Heisenberg na Schrödinger, kila mmoja kwa njia yake, wakaandika hesabu mpya, na Born akasema wimbi hilo linakupa uwezekano wa kuikuta elektroni mahali fulani. Mwaka 1927 Davisson na Germer huko Marekani waliona elektroni zikitawanywa na fuwele ya nikeli kama mawimbi yanavyotawanywa. George Thomson wa Uingereza naye akaliona jambo hilo kwa njia yake. Huyo ni mtoto wa J.J. Baba alipata Nobel ya mwaka 1906 kwa kazi iliyoonyesha elektroni ni chembe, mwana akapata ya 1937 kwa kuonyesha ni wimbi, na wote wawili walikuwa sahihi.

Sasa jibu lako. Wimbi likibanwa sehemu ndogo, mwendo wake unaongezeka. Elektroni ikisogezwa karibu na kiini inapungua nishati ya mvutano lakini inaongezeka nishati ya mwendo, na ukiibana mno mwendo unashinda. Mizani inatulia kwenye umbali wa takriban nanomita 0.053 kwa hidrojeni, na hapo ndipo ukubwa wa atomi unapotoka. Haizunguki, wala haijazuiwa kufika katikati. Kuna uwezekano mdogo wa kuikuta ndani ya kiini chenyewe, na atomi nyingine hutumia nafasi hiyo: potasi-40 wakati mwingine humeza elektroni yake na kuwa agoni-40.

#11 Mchangiaji C (mwalimu wa fizikia)

Nyutroni umeiruka.

#12 Mleta uzi

Nilikuwa naifuata mwalimu.

Heli ina chaji 2 na uzito wa 4. Ile 2 ya ziada ni nini? Jibu lililotembea miaka ya 1920 ni kwamba kiini kina protoni 4 na elektroni 2 ndani yake. Rutherford alibashiri mwaka 1920 kwamba huenda kuna chembe isiyo na chaji, lakini kitu kisicho na chaji hakipindwi na sumaku wala hakiachi alama. Utakikamata vipi?

Januari 1932 Irène na Frédéric Joliot-Curie wa Paris walitoa taarifa kwamba mionzi inayotoka kwenye berili iliyopigwa na alfa inachomoa protoni kutoka kwenye nta ya parafini. Wakasema ni miale ya gama, yaani mwanga wenye nishati kubwa mno. James Chadwick wa Cambridge akapiga hesabu: ili mwale wa gama uisukume protoni kwa kasi ile, unahitaji nishati ya kama MeV 50 (MeV ni kipimo cha nishati ya chembe), na mmenyuko ule hauna uwezo wa kuutoa. Kama ni chembe yenye uzito unaokaribia wa protoni, inagonga tu na kusimama, hesabu inafunga. Akajaribu na gesi nyingine akapata uzito. Barua yake kuhusu chembe hiyo, ndiyo nyutroni, ikachapishwa Februari. Wanandoa wale walikuwa na data mkononi, wakaisoma vibaya. Wasikitikieni kiasi tu, mwaka 1935 Chadwick alipata Nobel ya fizikia na wao wakapata ya kemia kwa kutengeneza elementi zenye mionzi.

#13 Mchangiaji D

Nimesoma wote mpaka hapa. Mawili ya haraka: leo atomi inaonekana? Na kama ni tupu karibu yote, mbona mkono haupenyi ukuta?

#14 Mleta uzi

La kwanza. Kwa mwanga wa kawaida huwezi, wimbi la mwanga ni kubwa mara elfu kadhaa kuliko atomi. Mwaka 1981 Binnig na Rohrer wa maabara ya IBM karibu na Zürich walipeleka ncha ya metali karibu mno na uso wa kitu bila kugusa. Elektroni zinaruka pengo lile, na ukisogeza ncha kwa nanomita 0.1 tu umeme hubadilika kama mara kumi. Ukiipitisha juu ya uso unapata ramani ya atomi moja moja. Mwaka 1989 wenzao wa Marekani wakasukuma atomi 35 za xenoni juu ya nikeli iliyogandishwa mpaka zikaandika jina la kampuni yao. Matangazo ya biashara, lakini acha tu. Ndugu B anaweza kusema hiyo nayo si kuona, ni kupapasa, na sitabishana naye.

La pili. Kiini cha dhahabu ukikikuza kiwe na upana wa milimita 1, atomi nzima ina upana wa kama mita 20. Lakini "tupu" ni neno la ovyo hapo, maana mita zote hizo zimejaa wimbi la elektroni. Elektroni mbili haziwezi kukaa katika hali moja inayofanana kila kitu, kanuni aliyoiandika Pauli mwaka 1925. Mkono na ukuta vikikaribiana, elektroni zake zinalazimika kupanda ngazi za juu, na nishati hiyo inatoka kwenye msukumo wako. Ndiyo unachokihisi.

#15 Mchangiaji B

Na protoni? Nayo ilikatika?

#16 Mleta uzi

Ilikatika kwa mbinu ileile ya Manchester. Mwaka 1964 Gell-Mann na Zweig walipendekeza, kila mmoja kivyake, kwamba ndani yake kuna chembe ndogo zaidi ziitwazo kwaki, na wengi wakazichukua kama chombo cha kuhesabia. Unaona maneno yako yanavyorudi. Kuanzia mwishoni mwa 1967 huko Stanford walipiga elektroni zenye nishati kubwa kwenye protoni, na zilizogeuka kwa pembe kubwa zilikuwa nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Kwa hiyo ndani kuna vitu vidogo vigumu. Tofauti ni kwamba kwaki haitoki nje peke yake, na uzito wa kwaki zenyewe tatu ni kama asilimia moja tu ya uzito wa protoni, mwingine wote ni nishati iliyofungwa mle ndani.

Na usidhani wamemaliza. Mwaka 2010 timu iliyofanya kazi Uswisi ilipima upana wa protoni kwa kubadili elektroni ya hidrojeni na kuweka myuoni, chembe ya jamii ya elektroni ambayo ni nzito kama mara 200 na hukaa karibu zaidi na kiini. Nusu kipenyo kikatoka femtomita 0.84 (femtomita ni sehemu ya milioni ya nanomita), wakati vitabu vilisema 0.88. Kila upande ulijiamini. Vipimo viwili vipya vya mwaka 2019 viliangukia upande wa namba ndogo, na sasa kazi iliyobaki ni kueleza vile vya zamani vilivyotoa 0.88 viliteleza wapi.